Dawa Iliyokula Mémoire

Wiki iliyopita nilikuwa nasoma kwa mara ya kumi na moja barua ambayo ingetosha kusomwa mara mbili, pale kompyuta yangu ilipoanza kupumua kwa nguvu. Feni ilizunguka, kishale kikaganda katikati ya neno, na pembeni kikatokea kidirisha kidogo kuniambia kwamba antivirus inakagua mafaili yote, niendelee na kazi zangu bila wasiwasi. Bila wasiwasi, mimi! Niliinamisha uso karibu na matundu ya pembeni, na ile harufu ikanijia: vumbi lililopata moto, plastiki, kitu kama pasi inayoanza kushika joto. Nikafumba macho. Nilikuwa tena sebuleni kwetu, mtaa wa Kadutu, nina miaka tisa, na nimeiua kompyuta ya nyumbani kwa upendo.

Nakiri mapema, ili msinitafutie sifa nisizo nazo. Mimi ni mtu anayerudi mlangoni mara tatu kuhakikisha amefunga. Kila faili langu liko mahali pane, na majina yake ni aibu: «mwisho», «mwisho kabisa», «mwisho kabisa hili ndilo». Sikusomea kompyuta shule yoyote. Nilijifunza kwa kugusa, kwa kuharibu, kisha kwa kukaa karibu na mtu anayetengeneza nilichoharibu. Rafiki zangu hudhani tabia ya kuhakiki kila kitu nimezaliwa nayo. Labda nusu yake. Nusu nyingine ilianza juma lile.

Kompyuta yetu haikuwa yetu. Papa alikuwa mwagronomi katika mradi mmoja wa kilimo, na vita vilipofika mjini mara ya kwanza, mkubwa wake wa kizungu alifunga ofisi, akamwambia, «Peleka nyumbani, uichunge mpaka nirudi.» Hakurudi. Nakumbuka siku kompyuta ilipopanda kwetu. Kisanduku Papa alikibeba mwenyewe kifuani, kama mtoto mchanga. Kioo kilibebwa na mama mmoja mchukuzi, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso wake, vile wachukuzi wa soko la Nyawera wanavyobeba magunia ya mihogo. Alipanda kile kijia chetu ameinama, na kioo mgongoni mwake kikaangalia nyuma, kuelekea ziwani, kikionyesha anga lote na vichwa vya watoto waliokuwa wanatufuata. Kwangu hiyo ndiyo picha ya kwanza iliyowahi kuonekana kwenye kioo kile, na bado ndiyo nzuri kuliko zote.

Tuliiweka sebuleni, tukaifunika kitambaa cha kufuma kama televisheni ya watu. Vita viliondoka, vikarudi na watu wengine, na barabarani zikawekwa barieri: kamba au mti uliolazwa njiani, askari wawili watatu, na kila mtu anafungua mfuko wake. Mtaani kwetu umeme ulikuwa unakuja saa nane mchana na kuondoka saa kumi na mbili jioni. Saa hizo nne ndizo zilikuwa maisha ya kompyuta. Nyakati nyingine zote ilikuwa meza yenye kitambaa kizuri.

Aliyezihitaji saa hizo kuliko sisi wote ni Maman. Alikuwa anamaliza masomo ya chuo kikuu. Alikuwa ameyaacha mara ya kwanza nilipozaliwa mimi, mara ya pili vita vilipokuja, na sasa, akiwa na mtoto mchanga mgongoni, alikuwa amefika kwenye mémoire, ule utafiti mrefu ambao bila huo hupewi diploma. Aliandika juu ya wanawake wanaolima maharagwe kule Mumosho. Alikwenda huko mara nyingi kwa miguu, akarudi na viatu vyekundu kwa udongo na daftari limejaa maneno ya akina mama. Mimi nilijua majina ya sura zote. Nilijua kwamba sura ya tatu ina kurasa ishirini na mbili na kwamba profesa wake, directeur, amezichorachora zote kwa kalamu nyekundu.

Mémoire ilitakiwa kufika chuoni Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Nilimsikia Maman akimwambia Papa jikoni, kwa ile sauti ya kukunja nguo, bila kulia na bila kucheka:

«Nikikosa hii session, basi. Mara ya tatu sitaanza tena. Sitakuwa na nguvu.»

Papa alisema, «Hautakosa.» Lakini aliisema haraka mno, na mimi nilikuwa mtoto wa kupima haraka ya watu. Tangu jioni hiyo niliichukua mémoire ya Maman kama kazi yangu.

Sasa, virusi. Maman alikuwa na mdogo wake, Tonton Bahati, aliyekuwa anatengeneza redio kwenye kibanda kule Nyawera na aliyejifunza kompyuta kwa kufungua zilizokufa. Yeye ndiye aliyetuwekea antivirus ya kwanza, kutoka kwenye diskete tatu zenye karatasi ya bluu. Alikaa mbele ya mashine, mimi begani kwake, akaniacha nibonyeze mwenyewe vile vitufe vya Kifaransa vya endelea, nakubali, maliza: Suivant, Suivant, J'accepte, Suivant, Terminer.

«Tonton, hii inafanya nini?»

«Inakinga. Diskete zinatoka huku na huku, zinabeba virus. Kuko kijana mumoja wa chuo, virus ilikula mémoire yake yote. Ikabakisha bibliographie tu!»

Alicheka sana. Mimi sikucheka. Nilimwona yule kijana amesimama mbele ya maprofesa na karatasi moja ya majina ya vitabu vya watu wengine. Nililala na picha hiyo siku nyingi.

Na neno virusi nililijua vizuri. Mwaka ule wahudumu wa afya walipita nyumba kwa nyumba na visanduku vyao vya barafu kuwapa watoto matone ya polio, na megafoni ilipanda kijia chetu ikisema jambo moja tangu asubuhi: «Hata kama mutoto alishapata, apate tena! Hata kama alipata jana, apate tena!» Walimpa mdogo wangu Olivier matone na kumpaka wino kwenye kidole kidogo, na kidole kile nilikionea wivu. Kisha, wiki chache baadaye, Olivier alichomwa sindano ya surua kituoni, akarudi nyumbani amechoka, ana moto, macho mazito. Maman aliogopa. Muuguzi akamwambia, «Usiogope, Maman. Hiyo homa ni chanjo iko inatumika. Umuwekee kitambaa cha maji, umuache alale.»

Wekeni mambo hayo mawili pamoja kichwani mwa mtoto anayeogopa kila kitu, na mtaelewa yaliyofuata bila mimi kueleza. Lakini nitaeleza, kwa sababu kukiri nusu siwezi.

Jumatano ile Maman alikwenda kwa directeur kuchukua marekebisho ya mwisho. Papa alikuwa nje akifukuzana na bomba la maji. Olivier alilala. Umeme ulikuja, na mimi nikabaki peke yangu na mashine. Tonton alikuwa ameacha sanduku lake la diskete juu ya kabati, na ndani yake mlikuwa na antivirus nyingine mbili za watengenezaji wengine, moja ya karatasi ya kijani, moja nyekundu. Hata kama alishapata, apate tena. Nikapanda kiti.

Niliingiza za kijani kwanza, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu kabisa, nikifuta kila diskete kwa pindo la gauni. Suivant, Suivant. Ulipokuja ukurasa mrefu wa maandishi nikabonyeza J'accepte bila kusoma hata mstari. Nadhani ndiyo mara ya mwisho maishani kukubali kitu bila kukisoma. Kisha nyekundu. Mashine ilizimika na kuwaka yenyewe, ikanguruma muda mrefu, ikanyamaza. Nikachukua kalamu ya Maman ya wino wa bluu nikaweka alama ndogo kwenye pembe ya chini ya kisanduku, pale ambapo kingekuwa kidole kidogo kama kingekuwa na vidole. Nilishuka kitini nikijisikia muuguzi, dada, na mlinzi wa wanawake wote wa Mumosho.

Alhamisi saa nane Maman aliketi mbele ya kioo, karatasi zenye wekundu mkononi, mabega yamenyooka. Akawasha. Ile saa ndogo ya mchanga, inayotokea mashine inapofikiri, ikatokea. Ikakaa. Maman akapanga karatasi zake. Ikakaa. Akamnyonyesha Olivier, akambadilisha, akarudi. Ilikuwa bado imekaa. Faili lilipofunguka hatimaye, kila herufi aliyoigonga ilichukua muda wa mtu kupanda ngazi. Alikuwa anaandika neno zima halafu tunalisubiri wote wawili litokee, kama abiria. Alipotaka kuhifadhi, saa ya mchanga tena.

Jirani yetu Maman Furaha, ambaye jikoni kwake palitazamana na dirisha letu, alikuwa anapika kisamvu, na hakukosa la kusema.

«Maman étudiante! Nimeweka sombe kwa moto tangu unafungua hiyo ordinatere. Sombe imeiva. Weye je?»

«Ongeza maji,» Maman akamjibu. «Mimi bado.»

«Basi nitakuletea sahani, usikufe na njaa mbele ya masomo!»

Tulicheka. Na niseme ukweli, siku ile ilikuwa nzuri. Maman, ambaye hakuwahi kukaa chini mchana, alikuwa amelazimishwa na mashine kukaa. Katika kusubiri alinifundisha wimbo wa kuruka kamba wa utoto wake, akanisuka nusu ya kichwa, akaniambia habari za mama mmoja wa Mumosho aliyekuwa anazipa mbegu zake majina ya wakwe zake, zile zisizoota. Ila kila kidirisha kilipotokea kwenye kioo kikisema kwa Kifaransa kwamba kitu cha kushukiwa kimeonekana, macho yake yalikwenda kwenye saa ya ukutani. Yangu yalikwenda kwenye kioo, kwa fahari. Dawa ilikuwa inavikamata! Nikaweka kiganja juu ya kisanduku: moto. Vizuri. Homa. Chanjo iko inatumika.

Umeme ulipoondoka alikuwa amerekebisha kurasa nne kati ya ishirini na mbili. Alizipanga karatasi, akazigonga mezani zilingane, akazigonga tena ingawa zilikuwa zimekwisha kulingana.

Ijumaa ilikuwa mbaya zaidi. Baada ya nusu saa nzima kioo kilikuwa bado cheupe. Kompyuta nyingine tuliyoijua ilikuwa ya mchapaji wa Nyawera, aliyefungua asubuhi tu; mchana ilikuwa nyuma ya kufuli. Papa alivaa viatu bila soksi, akatoka kumtafuta Tonton Nyawera. Maman alisimama dirishani, Olivier mgongoni, akimtikisa ingawa hakuwa analia. Ndipo nilipoona kwamba mgonjwa wangu alikuwa anachelewa kupona, na kwamba nilisahau sehemu ya pili ya ushauri wa muuguzi. Nikaenda jikoni, nikalowesha kitambaa, nikakikamua vizuri sana, maana hata katika ujinga nilikuwa mtoto wa usafi, nikakikunja mara nne, nikakilaza juu ya kisanduku. Nikaketi chini kando yake. Nikakinong'oneza kipoe.

Walifika karibu na saa kumi, wamelowa jasho, Tonton mbele, anaongea kabla hajaingia.

«Yaya,» alimwambia Maman, hivyo ndivyo alivyomwita dada yake mkubwa, «usiniulize juu ya nini nimechelewa. Barieri mbili! Ya kwanza, wanafungua mufuko, wanaona tournevis: hii ni silaha? Ninasema apana chef, ni ya kufungua redio. Wanatoa kila kitu, wanarudisha kila kitu. Sasa ya pili, batu wa mukubwa mwingine, wanataka kujua wale wa kwanza waliniuliza nini! Wananishuku juu nimepita kwa wenzao!»

«Hata mimi wamenifungua,» Papa alisema. «Na sina mufuko.»

«Bofrere, walikufungua kinywa,» Tonton akamjibu shemeji yake.

Kisha Tonton akaona kitambaa. Akakiinua kwa vidole viwili.

«Nani huyu anataka kuiua kabisa?»

Maman aliniangalia, mimi nikaangalia miguu yangu. Tonton akaketi, akabonyeza, akasubiri, akapiga mluzi mrefu. Akageuza shingo kwa dada yake, na akasema sentensi ambayo naisikia mpaka leo kila feni inapoanza kuzunguka:

«Yaya, hapa kuko antivirus tatu. Zimekula mémoire yote.»

Maman alitafuta kiti kwa mkono bila kukiangalia. Papa akasema, «Yote?» kwa sauti ndogo ambayo sikuijua. Mimi nikalia. Sikulia kilio cha mtoto aliyeanguka. Nililia kilio cha msibani, na ndani ya kilio maneno yote yakatoka kwa wakati mmoja: kwamba ni mimi, kwamba nilipanda kiti, kwamba nilimpa tena hata kama alishapata, kwamba niliona homa nikafurahi, kwamba sura ya tatu ilikuwa na kurasa ishirini na mbili na sasa wanawake wa Mumosho wako tumboni mwa dawa, kwamba nitakwenda mwenyewe kwa miguu kuwauliza tena, nitaandika kwa mkono, mwandiko wangu ni mzuri, hata mwalimu anasema.

Tonton alibaki kinywa wazi. «Mutoto anasema nini?»

«Anasema vile weye umesema!» Maman akapaza sauti. «Umesema zimekula mémoire!»

«Ndiyo, mémoire! Mémoire ya ordinatere!» Akagonga kisanduku kwa kiganja. «Mémoire ya huku ndani! Ile fasi yake ya kufikiri! Hii mashine ina kichwa kidogo tu, Yaya, na ndani ya kichwa wamekaa mapolisi watatu, hakuna hata fasi ya kuweka mawazo. Sisemi yako! Yako iko hapa, imelala. Kurasa zote!»

Halafu Maman alianza kucheka. Mimi nilikuwa namjua Maman wa kutabasamu, Maman wa kucheka na jirani dirishani, huyu sikumjua. Alicheka mpaka Olivier mgongoni akaamka na kuanza kucheka naye, mpaka akajishika ukutani, mpaka machozi. «Wanawake wa Mumosho,» alisema, akakosa pumzi, «tumboni mwa dawa!» Papa aligeukia dirishani, mabega yakitikisika, na ng'ambo Maman Furaha akauliza kwa sauti kuna nini, nani amejifungua.

Sikuchapwa. Tonton alinivuta nikae kwenye goti lake, uso wangu bado una makamasi, akanieleza huku akifanya kazi, na maelezo hayo ndiyo somo langu la kwanza la kompyuta. Sijapata bora.

«Ona. Antivirus ni barieri. Kila faili likitaka kupita, linasimama, linafungua mufuko, linaangaliwa. Barieri moja, sawa, tutachelewa kidogo lakini tutafika. Weye umeweka tatu kwa njia moja. Mbaya zaidi, kila moja inabeba liste ya majina ya virus zote, ili izijue. Sasa hii ya kijani inafungua mufuko wa nyekundu, inakuta majina ya wabaya yote ndani: kumbe weye ni virus! Nyekundu nayo inafungua ya bluu: virus! Zinakamatana tangu juzi. Hakuna mutu anapita.»

«Lakini wakati wa polio walisema apate tena,» nilisema.

«Ile ni ya batu, mama. Mutu ana fasi kubwa.»

Aliziondoa mbili, ya kijani na nyekundu, pole pole, maana kuziondoa nako kulikuwa ni kupita kwenye barieri zake. Saa kumi na dakika arobaini aliwasha upya. Ile ya bluu aliibakiza, lakini akaipangia kazi: iangalie diskete zinapoingia, na mafaili mengine iyakague wakati sisi tunakula. Papa aliuliza kama basi itakuwa nyepesi kama zamani.

«Apana, bofrere. Hata moja inakula kidogo. Utafanya nini? Hata sentineli wa kulinda nyumba naye anakulaka.»

Faili la Maman lilifunguka kabla sijamaliza kuhesabu mpaka kumi na mbili. Sura ya tatu yote, kurasa ishirini na mbili. Niliomba tuzipitie moja moja, na Maman, ambaye hakuwa na dakika ya kupoteza, alizipitisha moja moja mbele yangu.

Sijui kama nimewahi kuwa na saa nzuri kuliko ile iliyofuata. Papa alisoma marekebisho ya kalamu nyekundu kwa sauti ya mhubiri. Maman aligonga. Tonton alimbeba Olivier na kumzungusha chumbani akimwita profesa. Mimi nilisimama nyuma ya kiti na kazi yangu ilikuwa alama za Kifaransa juu ya herufi, zile ndogo ambazo Maman akiharakisha anazisahau. «Accent!» nilikuwa napiga kelele, na Maman anarudi nyuma na kuiweka, na hakuniambia hata mara moja ninyamaze. Nilipata kumi na saba. Katika maisha yangu ya kuogopa makosa, hiyo ndiyo mara ya kwanza kosa kuwa kitu cha kuwinda, na nikiliona nipigiwe makofi.

Neno la mwisho lilirekebishwa dakika chache kabla ya saa kumi na mbili. Tonton alihifadhi kwenye diskete mbili. Mimi nikaomba ya tatu. Waliangaliana, kisha akahifadhi ya tatu. Ndipo tukakaa wote, macho kwenye balbu, tukisubiri izimike. Haikuzimika. Kama kutucheka, iliendelea kuwaka, na Maman Furaha akatuletea ile sahani ya sombe.

Jumamosi asubuhi tulishuka Nyawera mimi na Maman, kwa mwenye mashine ya kuchapa. Nakala tatu, zikatobolewa, zikafungwa kwa plastiki nyeusi. Bado zilikuwa na joto nilipozigusa. Maman alizikumbatia kifuani njia nzima na hakukubali nibebe hata moja. Kwenye barieri askari mmoja kijana alitaka kuona ni karatasi gani. Alisoma kichwa cha habari kwa kidole, polepole, midomo ikitembea.

«Maharagwe?» akasema. «Maman, kitabu kizima, juu ya maharagwe?»

«Kizima, chef.»

«Na hayajaisha?»

«Yamebaki mengi tu.»

Alicheka, akainua kamba.

Ofisini chuoni mzee mmoja mwenye miwani alihesabu kurasa, akaangalia sahihi ya directeur, akafungua daftari kubwa na kuandika saa: saa tano na nusu. Akagonga muhuri kwenye kikaratasi, akampa Maman. Ni hivyo tu. Hakusimama hata kidogo. Nilitaka apige makofi.

Tulitoka nje. Jua lilikuwa limewaka vizuri na Maman alisimama kwenye ngazi, mikono yake imeinuka kidogo mbele ya kifua, bado imejikunja kushika kitu ambacho hakikuwepo. Aliiangalia. Akaishusha. Akaiinua tena.

«Sasa tunafanya nini, Maman?» nikauliza, maana siku zote alijua.

«Sijui,» akasema, na uso wake wote ukafunguka. «Kweli kabisa, sijui.»

Chini ya ngazi mama mmoja alikuwa anachoma mahindi. Maman alinunua mawili, makubwa, akanipa moja. Nyumbani kwetu kula njiani kulikuwa ni jambo la kuchapwa; mtoto wa watu hatafuni huku anatembea. Nikalishika langu kwa heshima, nikingoja tufike nyumbani. Yeye akauma la kwake palepale, akaanza kuteremka katikati ya barabara, anatafuna, anatembea, masizi ya mkaa kwenye shavu.

«Maman,» nikamnong'oneza, nikimkimbilia, «batu wanatuangalia.»

«Waache waangalie,» akasema na mdomo umejaa. «Kula, mutoto. Yako inapoa.»